Mstari wa 25: imani, msamaha na nguvu ya maombi

Ni nadra mkesha wa maombi upite bila Marko 11:23-24 kusomwa. Mlima uambiwe, "Ng'oka ukatupwe baharini", na lolote tuombalo tuamini kwamba tunalipokea, nalo litakuwa letu. Mhubiri akifika hapo hufunga Biblia, kinanda kinapanda, watu wanasimama na kila mmoja anaanza kuuambia mlima wake. Lakini Yesu alikuwa hajamaliza. Sentensi inayofuata, mstari wa 25, inasema: "Nanyi, kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Wanaosimama kuhamisha mlima na wanaosimama kusamehe ni watu walewale.

Kwa nini tunakatia njiani? Nadhani ni kwa sababu tumekwisha kuamua ni sifa gani inayoyapa maombi nguvu, nayo ni imani peke yake. Wapo Wakristo wengine, wengi wao watu wazima wasiopenda mabishano, wanaosema maombi husimama juu ya moyo mzima: unyenyekevu, toba, msamaha, subira, na utayari wa kumsikia Mungu akisema hapana. Siku hizi msimamo huu unasikika kama lugha ya waliokata tamaa. Mtu akiomba "mapenzi yako yatimizwe" kando ya kitanda cha mgonjwa, mwenzake humvuta kanzu asije akatia shaka.

Tuwape haki yao wanaosisitiza imani. Yakobo anasema wazi kwamba mwenye shaka asidhani atapokea kitu kwa Bwana. Mjane wa Luka 18 alimsumbua kadhi dhalimu mpaka akapewa haki yake, na Yesu alimtumia yeye kutufundisha tusikate tamaa. Mahubiri ya imani yamewafundisha kuomba watu waliokuwa wakitamka sala kwa mazoea tu, na yamempa ujasiri mtu asiye na fedha ya matibabu wala jamaa wa kumshika mkono. Tena wanatukosoa kwa haki wanaposema kwamba "ukipenda, Bwana" imegeuka maficho: mtu anaomba nusunusu ili asipopata asiumie.

Shida huanzia pale maombi yasipojibiwa. Kama imani ndiyo kipimo pekee, mwenye kosa anajulikana mapema. Mama aliyefunga na kukesha kwa ajili ya mwanawe mwenye selimundu, kisha akamzika, anarudi nyumbani na msiba wa pili: kwamba hakuamini vya kutosha. Hakuna aliyemwambia hivyo makaburini, lakini amelisikia kanisani miaka yote, na atalihubiri mwenyewe moyoni mwake. Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, akajibiwa kwamba neema inamtosha, mwiba ukabaki. Trofimo, mtu wa safari za Paulo, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, na hatusomi popote kwamba alilaumiwa. Na pale Gethsemane, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe" yalitoka kinywani mwa Mwana, ambaye sidhani kama kuna wa kumshutumu kwa imani haba.

Hata hivyo, sifa ninayoona imeonewa zaidi ni msamaha. Vikaratasi vya mahitaji vinavyopelekwa madhabahuni vinataja kazi, ndoa, mtoto, kesi ya kiwanja. Ni mara chache sana kusikia kikisomwa cha mtu anayeandika, "Niombeeni nimsamehe kaka yangu." Kesi ya kiwanja tunaikemea kama kazi ya adui, na ndugu aliye upande wa pili wa kesi hiyo hatajwi kwa jina, ila kama adui mwenyewe. Hatumwombei. Tunaomba dhidi yake, kwa sauti, mpaka alfajiri, kisha tunashangaa kwa nini moyo unarudi nyumbani mzito kuliko ulivyokuja.

Petro analeta jambo hili hadi chumbani. Katika waraka wake wa kwanza, 3:7, anawaagiza waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima kama warithi pamoja wa neema ya uzima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Naomba msomaji atue hapa kidogo. Mume anayemtukana mkewe Ijumaa jioni, kisha akaenda kuongoza maombezi saa nne usiku, anaambiwa na mtume kwamba kuna kitu kimeziba njia. Mtume hataji mapepo wala laana ya ukoo. Anataja namna anavyoishi na mkewe. Katika mafundisho mengi tunayopewa kuhusu vizuizi vya maombi, hiki kimoja kilichoandikwa waziwazi ndicho tunachokiruka.

Eneo letu linayajua haya. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba katika makanisa ya eneo hili, ambao mizizi yake iko Gahini nchini Rwanda na Namirembe mjini Kampala, ambako Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana mwaka 1929 na kuomba pamoja, haukuenea kwa kelele. Watu waliungama mbele ya wenzao, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na waliowachukia, ndipo wakaimba "Tukutendereza", wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Yakobo 5:16 waliichukua nzima: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Askofu Festo Kivengere, mtoto wa uamsho huo, alikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na akiwa uhamishoni alieleza hadharani jinsi chuki ilivyomsumbua mpaka akamsamehe Amin. Ukisema huyo alikuwa na imani dhaifu, sijui imani yenye nguvu ikoje.

Uamsho huohuo unatoa onyo pia. Kuna mahali ungamo liligeuka mtihani, watu wakapimana wokovu kwa wingi wa dhambi walizotaja kikaoni. Msamaha nao unaweza kugeuzwa rungu vilevile. Tukitoka kumwambia mama wa selimundu kwamba hakuamini, kisha tukamwambia kwamba kuna mtu hajamsamehe, hatujamsaidia kitu. Tumebadilisha kosa tu. Na mwanamke anayepigwa asiambiwe asamehe halafu arudi kesho kupigwa tena. Kusamehe hakumzuii kwenda polisi wala kulala kwa wazazi wake, na katika andiko lile la Petro anayeonywa kuhusu maombi kuzuiliwa ni mume.

Kwa hiyo sitaki mstari wa 24 upunguziwe sauti. Nataka tusome mpaka wa 25, na mkesha utenge nafasi yake: dakika kadhaa za kimya, kila mtu amtaje mbele za Mungu yule mwenye neno naye, na mchungaji aseme mapema kwamba anayehitaji kutoka nje kupiga simu atoke. Wengine hawataweza usiku huo, maana kuna majeraha ya miaka ishirini. Hao nao wana mahali pa kusimama. Baba wa yule kijana mwenye pepo katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mwanawe akaponywa. Kama Bwana aliipokea imani iliyokiri upungufu wake, sioni kwa nini asimpokee mtu anayesema, "Nataka kusamehe, nisaidie nisivyotaka."