Picha ya keki na orodha ya michango

Mwanangu alipotimiza miaka minne, niliwapiga picha watoto wamezunguka keki, midomo imejaa krimu, nikaitupia status. Haikupita nusu saa mama wa mtoto mmoja akanipigia: tafadhali, ifute. Hapa Leipzig, Ujerumani, mtoto wa mwenzio humrushi bila ruhusa, nami nilijitia sijui.

Usiku huohuo nikafungua grupu la familia, Tanga. Harusi ya binamu: jina, ahadi, kilicholipwa. Mbele ya jina langu, laki mbili, sifuri. Watu mia na ushee wanaona. Mama yule angezimia.

Zamani ningesema wao na yao, sisi na yetu. Siku hizi naona ni kukwepa. Watu wa huku hawakuzaliwa na usiri. Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, iliwafungulia mafaili, jirani akimchongea jirani, mpaka Desemba 1989 wananchi wakaingia kwenye ofisi zake hapahapa mjini. Na sheria yao ya picha ya 1907 chimbuko lake ni msiba: mwaka 1898 wapigapicha wawili walipenya usiku hadi chumba alimolazwa Bismarck, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, maiti, wakampiga picha.

Hapo ndipo niliponyamaza. Kwetu picha ya aliyekufa ajalini huzunguka kwenye magrupu kabla mkewe hajapigiwa simu, halafu mtu akuambie ndiyo utamaduni. Utamaduni upi? Pwani niliyolelewa mimi, maiti husitiriwa, na mlangoni kwa mtu unapiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka.

Orodha ya michango naitetea. Pesa ya wengi lazima ionekane, la sivyo mweka hazina atakula. Wanorwe, Wazungu kama hawa, kipato cha jirani kwenye kodi kinatafutika. Ila tangu 2014 anayetafutwa huonyeshwa nani kamchungulia.

Nisichokitetea ni dirisha la zahanati moja ya nyumbani, mhudumu akimsomea mama yangu majibu ya vipimo kwa sauti ya mnadani, foleni nzima kimya inasikiliza. Sheria ya taarifa binafsi tunayo tangu 2022. Ahadi ya mchango, mama alijiandikisha mwenyewe. Majibu yale hakuyatoa kwa mtu.

Laki mbili nimeshatuma, tangu Jumatatu. Mweka hazina bado hajaifuta ile sifuri.