Uliza Nani Yuko Zamu Usiku

Kuna ule ujumbe wa sauti unaozunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Bwana mmoja mwenye sauti nzito anatuambia kwamba kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee ni uzungu, tena ni laana, na kwamba Mwafrika halisi huzeekea kwa mwanawe. Watu wanaitikia amina, viganja vya kuomba vinajaa skrini. Na huko Embakasi, Nairobi, kuna mama wa watu amelazwa na kiharusi kwenye nyumba ya vyumba viwili, orofa ya tano, lifti hakuna. Hajaona jua tangu Pasaka. Lakini yuko "nyumbani", kwa hiyo laana haimhusu mtu.

Anayemtunza ni msichana wa kazi, aliyeajiriwa kuosha vyombo na kusindikiza watoto hadi basi la shule. Sasa anambeba peke yake mwanamke wa kilo 70 kutoka kitandani hadi chooni. Mgongo wa msichana huyo hakuna anayeuombea amina.

Tukubaliane, wapo wanaowatupa wazazi. Mtu anamshusha babake langoni na begi moja, anaacha nambari ya simu isiyoshikwa, analipa miezi miwili kisha kimya. Wapo, na sina la kuwatetea. Ila hao hawasikilizi ujumbe wa sauti. Wanaousikiliza ni wenye dhamiri, na kinachowapata ni kimoja: wanaona haya mpaka uamuzi wanaufanya kwa kificho. Wanatafuta nyumba jioni moja, kwa siri, huku ukoo ukiambiwa "mama yuko kwa shangazi Kitengela kidogo". Wanachukua ya kwanza yenye maua na vigae vyeupe. Hawaulizi mengi, maana kila swali linawachoma kama ungamo. Mteja mwenye haya haulizi, na wenye biashara wanalijua hilo kuliko sisi.

Nyumba za masista na za umma, kama ile ya Little Sisters of the Poor kule Kasarani au Mji wa Huruma ya kaunti, ni za wazee wasio na mtu wala kitu. Wewe mwenye mshahara na ndugu wanne utaishia kwenye za kibinafsi, nyingi zikiwa nyumba za kawaida za familia zilizogeuzwa: sebule imekuwa ukumbi wa televisheni, chumba cha bwana na bibi kina vitanda vinne. Si kosa. Jumba kubwa halimgeuzi mtu kitandani.

Basi uliza, na swali la kwanza lisiwe ada. Uliza hivi: kuanzia saa moja usiku hadi saa moja asubuhi, watu wangapi wako zamu, wakiwa macho, na wanahudumia wazee wangapi? Ukijibiwa "kuna mtu huwa analala hapa", hilo si jibu. Anayelala hapo ni mpangaji.

Tupige hesabu, kwa sababu mambo yote mabaya yanaanzia kwenye hesabu hii. Chukua nyumba ya wazee 20, na 8 kati yao hawawezi kujigeuza. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro. Usiku wa saa 12 ni mizunguko 6. Mara wazee 8, ni mara 48. Kila mara kuna kumgeuza, kukagua daipa, kumfuta, kumpaka mafuta ya kukinga ngozi, kumwekea mto katikati ya magoti na kuinua visigino visiguse godoro. Ukienda mbio ni dakika 10. Dakika 480, saa 8 kamili bila kunywa maji, na wazito hawageuzwi na mtu mmoja. Hapo bado hujagusa wale 12 wengine: anayetaka choo mara tatu, anayekohoa, na yule shosho, yaani bibi, anayeamka saa tisa usiku, anafunga kanga, anabeba mkoba na kusema gari la Murang'a linamwacha. Nyumba nyingine humwongezea mlezi huyo huyo nguo za kufua. Mtu mmoja hawezi. Hata awe na moyo wa dhahabu, hesabu inakataa.

Kwa hiyo anafanya anachoweza. Anamvalisha mzee daipa mbili jioni, moja juu ya nyingine, zimfikishe asubuhi. Ngozi inalowa na kulainika kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na ngozi iliyolainika inachubuka kwa msuguano wa shuka tu. Kisha anapunguza maji. Kuanzia saa kumi alasiri hakuna kikombe kinachopita, ili usiku usiwe na mafuriko. Sasa kumbuka kwamba mzee tayari hasikii kiu kama kijana, hataomba. Mkojo unakuwa mzito na wa rangi ya chai ya rangi, na siku chache baadaye kuna maambukizi. Kwa mzee maambukizi hayo yanaweza kuja bila homa na bila kulalamika maumivu. Yanakuja kichwani: jana alikuwa anakutaja jina, leo anamwona marehemu mumewe kwenye pazia.

Na hapo ndipo familia hupigiwa simu na kuambiwa ugonjwa wa kusahau umezidi. Sikiliza vizuri: ugonjwa wa kusahau kwa kawaida hauzidi ghafla kwa siku mbili. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kuna kitu kimetokea mwilini, na kinatafutwa siku hiyo hiyo. Pima mkojo, pima sukari, sikiliza kifua, angalia kama amefunga choo siku kadhaa, angalia dawa gani mpya imeanzishwa. Badala yake, aliyepiga kelele usiku anapewa kidonge cha usingizi. Analala kama gogo, hajigeuzi hata pale alipokuwa akijigeuza mwenyewe. Asubuhi anaamshwa kwa chai akiwa bado amelewa dawa, chai inapita njia ya hewa, na wiki hiyo hiyo yuko wodini na nimonia. Ukiuliza, utaambiwa ni umri.

"Shosho amelala vizuri sana." Ukiisikia hiyo kila siku, tena kwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa analala kwa shida, uliza amepewa nini.

Halafu kuna suala la chakula cha jioni. Nyumba nyingi huandaa saa kumi na moja, ili wa zamu ya mchana wapate matatu kabla ya giza. Sielewi mbona tunaona ni kawaida. Chai ya asubuhi inakuja saa mbili. Hizo ni saa 15 tumboni pasipo kitu. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya glibenklamidi, ni hatari ya wazi: sukari inashuka usiku, analowa jasho, anaweweseka, anajaribu kusimama na kuanguka. Asubuhi anakutwa sakafuni na nyonga imevunjika. Dawa ya tatizo hilo ni kikombe cha uji au maziwa na kipande cha mkate saa tatu usiku, pamoja na mtu aliye macho wa kukileta. Tunarudi kwenye zamu.

Wala usingoje kuambiwa. Siku ya Jumapili saa nane mchana kila nyumba ni nzuri, wazee wamepakwa mafuta, wamepangwa kwenye viti vya plastiki wakingoja kikundi cha kanisa chenye unga, sabuni na mpiga picha. Nenda Jumanne saa moja jioni. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla zamu haijabadilishana, ubishe hodi kwa adabu. Wakikukatalia kabisa, umejibiwa.

Ukiingia, funua shuka. Angalia visigino, nyonga na pale chini mwisho wa uti wa mgongo. Vitabu vinasema utafute wekundu usiopotea ukibonyeza, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi mara nyingi wekundu hauonekani. Tafuta doa lililoiva kuliko ngozi ya jirani, pagusike pa moto au pagumu, au mzee ashtuke ukigusa. Hapo ngozi bado haijapasuka na kidonda kinazuilika kwa kuondoa uzito tu. Ikishapasuka, unahesabu miezi. Godoro la hewa linasaidia, ila haliondoi kazi ya kumgeuza, na mara nyingi utalikuta limezimwa kwa sababu linapiga kelele. Muulize mlezi akuonyeshe karatasi ya kugeuza. Ikiwa imejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na saa za usiku ujao tayari zina tiki, hiyo ni insha. Omba pia uzito wa kila mwezi. Aliyekuwa kilo 60 akiwa 57 mwezi unaofuata amepoteza asilimia 5, na hilo ni jambo la daktari, halimalizwi kwa "hana hamu ya kula".

Dawa: peleka orodha iliyoandikwa na daktari, yenye saa. Ile ya kuongeza mkojo inywewe asubuhi, kwa sababu ikinywewa jioni inamtoa kitandani gizani usiku kucha, na wengi huanguka kati ya kitanda na choo.

Aliyepata kiharusi na anakohoa akinywa, mkalishe wima, mpe vitu vizito kama uji, kijiko kwa kijiko, na asilazwe mpaka nusu saa ipite.

Andika majina kwenye meno bandia, miwani na sweta. Vinapotea. Vyote.

Sasa nitawatetea wenye nyumba, shingo upande. Mlezi wa pili wa usiku ana mshahara, na mshahara huo unatoka kwenye ada yako. Familia ile ile inayotaka shosho ageuzwe kila saa 2 ndiyo inayovutana kuhusu nyongeza ya bei kila Januari. Na walezi waliosomea kazi hii wanaondoka kwenda Ghuba na Uingereza kugeuza wazee wa wengine kwa malipo ya maana. Anayebaki hapa tunamlipa kidogo, tunamwita "msichana" hata akiwa na wajukuu, halafu tunataka awe malaika saa tisa usiku. Serikali nayo tusiisahau: Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya matunzo kutoka kwa familia na kwa dola. Dola inatuma shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wake wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa mwezi, kwa waliofika miaka 70 na kuorodheshwa. Daipa nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe.

Daipa hizo, kwa taarifa yako, kwa kawaida hazimo kwenye ada. Wala dawa, wala gari la kwenda hospitali, wala mtu wa kumsindikiza kule. Kabla ya kutia sahihi, kila kimoja kiandikwe na bei yake. Iandikwe pia nani anapigiwa simu usiku, kwa hali gani, na mnampeleka hospitali ipi bila kungoja ruhusa ya kaka mkubwa. Usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uhakikishwe mapema, na nakala ya kitambulisho ibaki kwenye nyumba. Laini ya simu yenye M-Pesa isibaki huko.

Linabaki suala la ndugu. Kuna wa Marekani anayetuma dola na maagizo, wa Nakuru anayetuma maombi, na mmoja wa hapa Nairobi anayefunua shuka. Huyo wa Nairobi ndiye hulaumiwa kidonda kikitokea. Gawaneni ziara, mojawapo ya kila wiki iangukie siku ya kazi, usiku. Wa Marekani alipe hiyo tofauti ya mlezi wa pili: zungumzeni na familia nyingine mbili au tatu zenye wazee pale pale, mpeleke ombi kwa pamoja, mkiwa na karatasi inayoonyesha mnachangia kiasi gani na mnataka nani awe macho saa ngapi. Mwenye nyumba akiwa na nia, atakaa nanyi chini. Akisema wazee wake "hawasumbuagi usiku", anzeni kutafuta kwingine, ila msimwondoe mzee kwa hasira siku hiyo hiyo. Kwanza pateni kitanda kingine, mpige hodi huko pia saa moja jioni, na mkague visigino vya mzee wa mtu mwingine kwa ruhusa yake.