Nani kasema bibi hapandi baiskeli?

Jana kijana wa duka la baiskeli hapa Utrecht, Uholanzi, amenichosha. Kila nikimwambia nataka baiskeli ya umeme iliyo nyepesi, ananirudisha kwenye dude la kilo 26, eti watu wazima wote huchukua hiyo, betri yake kubwa. Nikamwambia, mwanangu, hebu inyanyue. Akainyanyua, mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nina miaka 67. Stoo ya baiskeli ya jengo letu iko chini ya ardhi, na njia ya kutokea ni ngazi zenye mfereji mwembamba pembeni wa kupitishia magurudumu. Kilo 26 hizo nitazisukuma mimi.

Hata hivyo kuna jambo hakuniuliza, nami nimemshukuru kimoyomoyo. Hakuniuliza bibi mzima nataka nini na baiskeli. Dada yangu wa Malindi nilipompigia simu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwani mwanao hana gari?"

Hapo ndipo roho inaponiuma. Kwetu mtu mzima akionekana juu ya baiskeli, ama ni fukara ama watoto wamemtupa. Mwanamke ndiyo usiseme. Ukishapata wajukuu unawekewa kiti cha plastiki mlangoni, na kila safari ni kungoja tuktuk, hata ya kwenda hapo sokoni. Presha na sukari zimetujaa, daktari anatwambia tufanye mazoezi, tunaitikia vizuri, kisha tunapanda tuktuk kurudi nyumbani. Hapa wanawake wa rika langu wananipita njiani na mboga zao kwenye kikapu cha mbele, na hakuna anayewahurumia.

Najua mshaanza: huyu Ulaya imempanda kichwani. Jamani, mimi ni mtoto wa Shella, hapo hapo Malindi. Nimekua nikiwaona wanaume wakileta maziwa na samaki mitaani kwa baiskeli, mzigo umefungwa kwa mipira kwenye keria, jua la mchana kichwani. Baiskeli hatukuletewa na ndugu wa majuu. Na mji wetu ni tambarare! Huku nako hakuna mlima, ila kuna upepo wa baridi unaokukaba usoni mpaka unahisi umesimama. Ndiyo maana nataka mota. Kusi ya kwetu ina nguvu, lakini haigandishi vidole.

Turudi kwenye uzito, maana wengi huchagua kwa ukubwa wa betri wakaja kujuta. Sheria ya Ulaya inataka mota isizidi wati 250, na ikifika kilomita 25 kwa saa iache kusukuma. Sheria hiyo inalihusu lile dude na hii nyepesi ya kilo 16 vilevile. Basi kilo kumi za ziada hazikununulii mwendo. Zinakununulia masafa, na mimi sokoni, msikitini na kwa shoga yangu sihitaji betri ya wati-saa 600 (ndicho kipimo cha umeme unaoingia kwenye betri). Nusu yake yanitosha. Betri ikiisha njiani, nyepesi unaikanyaga kama baiskeli yoyote. Nzito utaikokota. Na wazee wengi huangukia pale pa kupanda na kushuka: baiskeli ikilala upande, kama ni nzito huwezi kuizuia.

Ulizia pia mota inavyoamka. Kuna inayopima nguvu ya mguu wako, ikakusaidia taratibu. Na kuna inayongoja pedeli izunguke tu, kisha inaruka mbele ghafla. Hiyo ya pili mtu mzima aiache. Na betri itoke, maana nyepesi nyingi wameificha ndani ya fremu, na mimi siwezi kupandisha baiskeli nzima ghorofani nikaichaji jikoni.

Niliyoipenda ina fremu ya chini, unapitisha mguu bila kuuinua. Badala ya mnyororo ina mkanda, hakuna grisi, na gurudumu la nyuma limefunikwa nusu kwa kitambaa kigumu cheusi. Nilipanda na buibui langu, nikazunguka uwanja wa duka, pindo halikuguswa. Kwa hiyo wale wa "buibui litaingia kwenye spoki", jibu lenu hilo.

Atakuja mwingine aseme, huko kuna njia za baiskeli, hapa Malindi, kwenye barabara ya Lamu Road, bibi atagongwa na probox. Kweli kabisa, na hilo hunikasirisha kuliko yote. Ila msidhani Waholanzi walizikuta njia hizo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchi hii, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia barabarani, wakapiga kelele miaka na miaka mpaka wakasikizwa. Sisi tunazika, tunasema ni kazi ya Mungu, na mwenye gari anaendelea kupiga honi. Mbunge akija kuomba kura tunamwomba fulana.

Na bei? Ndiyo, inapita yuro 2,000, na kwa hela hiyo Malindi mtu anapata bodaboda na chenji inabaki. Lakini bodaboda itanibeba kama gunia. Magoti yangu yanataka kuzunguka.

Desemba nikija nitaiacha huku, kwa sababu betri ya lithiamu ya ukubwa huo hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Nitapanda ya kawaida. Nimeshamwagiza mtoto wa kaka yangu anitafutie ya fremu ya chini, yenye kifuniko cha mnyororo. Kama kuna mtu Malindi au Mambrui anayo, mpya au kuukuu, aniandikie, lakini kwanza aipime kilo.