Mgeni Njoo, Mwenyeji Asaini Daftari

Picha iliingia kwenye grupu la mtaa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, bado natafuta ndala chini ya kitanda. Picha yenyewe nyeusi tii, kama imepigwa ndani ya chungu. Inaonyesha mtu kajitanda nguo kuanzia kichwani, kainama kando ya ukuta, mkononi kashika kitu ambacho kinaweza kuwa dumu, kinaweza kuwa silaha. Chini pameandikwa: "Wakazi tuwe macho. Huyu ameonekana saa 9:14 usiku akinyemelea nyumba za watu."

Mimi ni mtu wa kuchangia. Hela sina, lakini maneno nachangia. Nikaandika palepale: "Huyo ni mzoefu. Tazameni anavyoinama, kazi hii hakuianza leo." Nikapigiwa dole gumba kumi na moja. Katika maisha yangu yote ya grupu sijawahi kuvuka mawili. Nikanogewa, nikaongeza: "Sura yenyewe tu ni ya jela."

Mama watoto akachungulia begani kwangu. Akatulia kidogo. Akasema, "Hiyo si kanga yangu?"

Nikaikuza picha kwa vidole. Mgongoni kwa mwizi, herufi moja baada ya nyingine, likajitokeza jina la kanga: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Nilijaribu kufuta. Lakini hizi simu zina umbea: ukifuta, zinatangaza kuwa umefuta. Mwenyekiti wa mtaa akauliza, "Mzee umefuta nini?" Nikajibu kidole kimeteleza. Mara mbili.

Sasa niseme ukweli wa usiku ule. Maji kwetu ni ya mgao, na mgao umependa usiku wa manane. Bomba linalotoa vizuri ni lile la kona, chini ya ukuta wa ghorofa. Ilikuwa Julai, na anayejua Dodoma anajua upepo wa Julai, unakupiga masikioni kana kwamba mna ugomvi wa shamba. Sweta langu limefuliwa, maji yanatoka sasa hivi au mpaka keshokutwa. Nifanye nini? Nikavuta kanga ya mke wangu, nikabeba dumu, nikatoka. Nimetembea njia hiyo tangu sijui kuvaa suruali. Sikujua kama nanyemelea.

Mtaa wetu sitautaja, nitasema tu uko upande wa Ilazo, na zamani tulikuwa tunafuga mbuzi ila sasa wanafuga mbwa. Nimezaliwa 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Marehemu baba alilichukulia jambo hilo kama ahadi ya mtu na mtu. Kila alipokuja mnunuzi wa kiwanja anasema, "Hatuuzi. Serikali inakuja." Mimi nikaanza shule, serikali inakuja. Nikaoa, serikali inakuja. Wabunge walikuwa wanakuja na kuondoka kama mvua zetu, zikinyesha unashangilia, ukigeuka vumbi limerudi. Baba alifariki 2009 bado anachungulia barabara ya Morogoro. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama kweli, na kweli wakahama. Imechelewa miaka 43, lakini ilipofika ilifika na fenicha zote. Aprili 26, 2018 nililala kwenye manispaa nikaamka kwenye jiji, godoro lilelile.

Na wenyewe mnajua tulivyokuwa tukionekana. Tukishuka Dar na treni ya Reli ya Kati, watu wanashika pochi: Wagogo hao, wataomba. Leo hao hao wanateremka hapa na treni ya SGR, wanauliza kama kuna chumba, hata cha uani, hata choo cha kuchangia. Nilicheka sana mwaka ule wa kwanza. Nilicheka bila kujua kwamba atakayeshikiwa pochi bado ni mimi, safari hii nikiwa mtaani kwangu.

Si kwamba zamani hapakuwa na wizi. Mwizi tulikuwa naye, mmoja, na alitutosha. Tulimjua yeye, tulimjua mama yake, tulijua anapenda majogoo kuliko mitetea, eti mtetea ana watoto. Alikuwa mwizi mwenye adabu. Ukimkuta anatoka uani kwako na jogoo kwapani atasimama, atakuamkia, "Shikamoo." Wewe kwa mazoea utaitika marahaba, na ukimaliza kuitika yeye keshafika Chadulu.

Usiku tulikuwa na zamu za sungusungu, ule ulinzi ulioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukasambaa nchi nzima. Kwetu sungusungu ilikuwa watu sita, marungu manne, kurunzi moja ya kupigapiga ndipo iwake, na mwizi wetu mwenyewe kwenye zamu ya Jumanne. Tulimweka makusudi. Jumanne kuku walilala usingizi wa pono, maana mwenyewe yuko kazini.

Mchana ulinzi ulikuwa wa bibi mmoja. Alikaa barazani kwake kwenye mkeka, beseni mbele yake, jiwe mkononi, anapasua mabuyu. Ko! Ko! Mkono unachambua ubuyu, jicho liko njiani. Mgeni akipita tu, bibi anaachia jiwe: "Mbukwenyi! We mwana wa nani? Unakwenda kwa nani? Huyo hayupo, ametoka saa mbili na mwanamke mwenye mwavuli." Kamera gani itakwambia habari ya mwavuli? Na bibi alikuwa hahitaji umeme wala bando, ukimtilia maji ya kunywa amechaji mpaka jioni.

Bibi alipofariki watoto wake waliuza. Siwalaumu, waliletewa hela ambayo hata kuihesabu walisaidiwa. Pale kwenye mkeka sasa kuna ghorofa na ukuta mrefu kuliko twiga aliyekasirika. Juu ya ukuta wamepanda vipande vya chupa, na nilivyovichunguza ni chupa za mvinyo. Yaani zabibu tunalima sisi, Hombolo, Mpunguzi, mgongo unavunjika. Mvinyo wanakunywa wao. Chupa tunarudishiwa, ila ncha juu. Juu ya chupa kuna nyaya za umeme, juu ya nyaya kuna kamera, na juu ya kamera kuna njiwa anakunya, huyo hajaulizwa kitu.

Mwenye nyumba si mtu mbaya. Sikukuu ya Idi alitugawia pilau mtaa mzima, ingawa sahani zilitokea kwenye kile kidirisha cha geti, mkono tu, kama tunapokea barua gerezani. Tabu yake hayupo. Ijumaa jioni mabosi wote wa safu ile wanakimbilia treni ya Dar, kuna familia huko, kuna bahari. Mtaa unabaki na mbwa, walinzi, na taa zinazojiwasha zenyewe kuwadanganya wezi kwamba kuna watu. Mwizi gani hajui kwamba Jumamosi Dodoma hakuna bosi? Na tena ukuta ule, mwizi akishaingia, unamsetiri. Zamani ukivunja mlango wa mtu njia nzima inakuona. Siku hizi ukisharuka ndani unaweza kuchemsha hata chai. Wameibiwa betri za magari, wameibiwa vioo vya pembeni vya magari, mmoja kaibiwa kamera yenyewe. Waliangalia picha za kamera ya pili, wakaona kofia.

Geti la ghorofa lile lina simba wawili wa chuma. Wamechomelewa na mwanangu mkubwa, ni fundi. Simba wa kulia amefanana kidogo na mbwa kwa sababu vyuma viliisha. Kijana amechomelea mageti karibu ya safu nzima, na kwa kodi za hapa ameshindwa kupanga hata stoo. Amepanga Nzuguni. Akija kunisalimia anasimamishwa kwenye kizuizi.

Ndiyo, kizuizi. Mabosi walichanga wakaweka bomba la chuma katikati ya njia, kibanda pembeni, na ndani ya kibanda mlinzi mwenye sare na daftari. Daftari lina vyumba: Jina, Simu, Unakotoka, Unakokwenda, Muda, Saini. Siku ya kwanza niliandika: Unakotoka, kwangu. Unakokwenda, kwangu. Mlinzi akanirudishia, akasema nimejaza vibaya.

Nikainua macho nimtazame vizuri huyu anayenisahihisha mwandiko. Alikuwa mwizi wetu.

Kanenepa. Kavaa kofia yenye nembo, filimbi shingoni, kirungu kiunoni. Nikamwambia, "Ni wewe?"

Akasema, "Habari yako mzee. Unaelekea wapi?"

Habari yako! Mtu ambaye ameniamkia shikamoo na jogoo wangu kwapani, leo kavaa sare ananipa habari yako kama tumekutana benki. Nilimwambia, "Wewe unanijua. Umekula kwangu." Akajibu taratibu, bila kuinua kichwa, "Mzee, utaratibu." Nikasaini. Baadaye akili ikatulia, nikaona mabosi kumbe wamepata mtu sahihi bila kujua. Huyu anajua ukuta gani unarukika na mbwa gani anahongeka kwa dagaa. Mlinzi mwingine angejifunzia wapi? Kilichoniuma ni ile salamu tu.

Madalali nao hawaishi. Wanapita kila wiki, wanaitazama nyumba yangu kama ndugu wa mgonjwa ambao washauliza bei ya jeneza. Mmoja aliniambia, "Mzee, eneo hili linataka mtu."

Nikamwambia, "Mtu yupo, ni mimi."

Akasema, "Namaanisha mtu-mtu."

Akanieleza kwamba nyumba yangu inashusha hadhi ya safu, hasa lile banda la kuku na nguo za kambani. Nikamuuliza, nikiuza niende wapi? Akasema kuna viwanja vizuri huko mbele, huduma zote zinakuja. Zinakuja! Nikamsikia baba kaburini anageuka upande wa barabara ya Morogoro. Nilimtoa mbio.

Turudi kwenye picha. Mpaka jioni grupu lilikuwa limemjadili mwizi mwenye kanga wakafikia kwamba ni mtandao, ametumwa, wapo wengi. Kukatolewa pendekezo la mchango wa ulinzi, shilingi 10,000 kwa kila kaya. Yaani nilitakiwa nilipe nilindwe dhidi ya mimi. Mama watoto akasema nikajieleze kwa mwenyekiti, yaishe. Nitajielezaje? Nishaandika sura yangu ni ya jela, na mwenyekiti mwenyewe ni mmoja wa yale madole gumba kumi na moja.

Tukakubaliana nyumbani kwamba usiku wa maji nitoke bila kanga, nishike taa, na niimbe, maana mwizi haimbi. Usiku uliofuata nikatoka hivyo, dumu mkono huu, kurunzi mkono huu, napasua pambio moja la kwaya yetu, sauti ya pili, kwa sababu ya kwanza siifikii. Mbwa wote wa safu wakaitikia. Taa za kujiwasha zikawaka nyumba saba. Nikajaza dumu langu kwa mwanga ambao sijawahi kuupata hata harusini kwangu, nikarudi kulala kwa amani.

Saa kumi na mbili kasoro grupu likalia. Safari hii ni video. "Wakazi, tuwe macho. Kuna mtu anafanya mambo ya kishirikina kwenye bomba la kona."

Sikuchangia kitu. Nilitoka nje nikawape kuku pumba angalau nionane na viumbe wasio na simu. Mitetea mitano iko palepale, inanitazama. Jogoo hayupo.

Nilizunguka banda, nikaangalia juu ya mwarobaini, nikaenda kizuizini mbiombio kuomba picha za kamera ile inayopiga uani kwangu bila hata kuniomba. Mlinzi akafungua kioo, tukaangalia wote wawili, vichwa vimegusana. Saa tisa, mimi na dumu. Saa tisa na robo, mimi na pambio. Baada ya hapo kamera imetazama juu, inaonyesha nyota. Nzuri sana, kwa kweli. Akasema ni upepo wa Julai huo, unageuza mpaka vyuma.

Nikamtazama. Na yeye akanitazama. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikasema, na nilipomaliza kuitika alikuwa keshaingia kibandani.