Joto la Tanga linasingiziwa

Kila kaskazi ikishika, kuanzia Desemba mpaka Machi, mji huu unakuwa na mshitakiwa mmoja tu. Kompyuta ya gemu ikizima katikati ya mchezo, hukumu inatoka hapo hapo: joto la Tanga. Kijana anakuja na kasha begani, analitua mezani, anafuta jasho na kuniambia, "Kaka, hii mashine haiwezi hali ya hewa ya huku." Mimi ni fundi kompyuta, niko Ngamiani, na msimamo wangu ni kwamba mara nyingi mji unasingiziwa. Joto letu linachangia, sikatai. Lakini kulibebesha lawama yote kunawafanya watu wanunue vitu wasivyovihitaji huku kasoro yenyewe imekaa palepale.

Tuanze na hesabu, ni nyepesi. Hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), na feni yake havitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto la prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo prosesa siku zote itakuwa juu ya chumba kwa kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho cha kutazama. Tuseme mtu wa Lushoto ana chumba cha nyuzi 20, na akicheza gemu prosesa yake inatulia kwenye 62. Mteremshe yeye na mashine yake mpaka Makorora, chumba kiwe nyuzi 32: prosesa itasogea hadi 74 hivi. Pwani imemwongezea nyuzi 12, basi. Sasa prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani hujipunguza kasi zikifika nyuzi 100. Ryzen 7 5800X ya AMD kikomo chake ni 90, na Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 ni 95. Kwa hiyo bado ana nafasi ya kutosha. Mashine inayogonga 100 hapa Makorora, na kule Lushoto ingekuwa mgonjwa wa 88. Ugonjwa umekuja nao, haukuupata njiani.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye mashine ni inachukua muda gani kuchemka. Wengi hawajui, kwa sababu Task Manager ya Windows inaonyesha joto la kadi ya grafiki lakini la prosesa haionyeshi. Pakua HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto, fungua upande wa sensa, halafu ibebeshe prosesa mzigo, programu ya Cinebench inatosha. Kaa utazame namba zinavyopanda.

Zikiruka kutoka 45 hadi 100 ndani ya sekunde chache, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki. Hewa ya chumba haijapata hata nafasi ya kuhusika. Hapo tatizo ni mguso: pini ya kushikia hitisinki haijaingia, pesti (ule uji wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki) imekauka, hitisinki imekaa upande, au ile karatasi ya plastiki ya chini haikubanduliwa siku ya kufunga. Usicheke, bado wapo wanaoisahau. Gusa hitisinki kwa tahadhari. Kama sensa inasema 100 na chuma kiko vuguvugu tu, huhitaji ushahidi mwingine.

Zikipanda taratibu, 60, 68, 75, na kukaribia kikomo baada ya nusu saa, mguso ni mzima. Kasha linavuta tena hewa ileile ya moto iliyokwisha kuitoa. Hapo ndipo unapoanza kuzungumza habari za feni, vumbi na mahali mashine ilipowekwa. Joto la chumba nalo, hapa ndipo zamu yake ya kuulizwa.

Mguso mbovu ndio ninaokutana nao kuliko vyote. Hitisinki ndogo inayokuja ndani ya boksi la Intel inashikwa na pini nne za plastiki zinazopenya kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Tatu zikiingia na ya nne ikabaki juu juu, ukitazama kwa mbele huoni kitu. Geuza mazabodi utazame kwa nyuma: kila pini iwe imetokeza na ncha zake zimechanua. Kuna mzee mmoja wa Chumbageni alimfungia mwanawe kiyoyozi chumbani kwa sababu ya kompyuta. Mashine ikaendelea kuzima, ila sasa ilikuwa inazima kwenye ubaridi, na LUKU inakimbia. Ilikuwa pini moja. Niliibana kwa kidole gumba.

Halafu kuna mashine zilizotumika. Vijana wengi hapa hawanunui kompyuta ya gemu iliyo tayari. Wanachukua Dell OptiPlex ya ofisini, mtumba kutoka nje, wanaichomekea kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya aina isiyodai waya wa umeme wa ziada, maana inakula wati 75 tu na mazabodi inazimudu. Ni akili nzuri, na kwa pesa yake sioni njia bora zaidi. Ila kumbuka ndani mna nini. Kama ni i7-4770, hiyo ni prosesa ya 2013, na pesti juu yake mara nyingi ni ileile ya kiwandani. Ukiibandua hitisinki unakuta unga. Juu ya hayo, kuanzia kizazi cha Ivy Bridge cha 2012, Intel waliacha kuchomelea kifuniko cha chuma kwenye prosesa zao za kawaida za mezani, wakaweka pesti huko ndani pia. Kwenye kompyuta za mezani walirudia kuchomelea mwaka 2018, na i9-9900K. Pesti ya ndani ya hizo za katikati huifikii bila kung'oa kifuniko, kazi ambayo simshauri mtu aifanyie mashine anayoitegemea. Kwa hiyo ukiisafisha i7-4770 na kuipaka pesti mpya, ikatulia kwenye 80 ukiwa kwenye gemu nzito, shukuru uendelee kucheza.

Pesti yenyewe haina siri. Futa ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi, isopropili ukiipata. Weka tone dogo katikati, ukubwa wa punje ya mbaazi, ubane hitisinki kwa kukaza skrubu za pembe zinazotazamana, kidogo kidogo, usiimalize moja kabla ya nyingine. Kuipaka kila kona mpaka inamwagika pembeni hakuongezi ubaridi wowote. Tafuta yenye jina linalojulikana, kama Arctic MX-4. Zile sindano za kijivu zisizo na jina, zinazouzwa bei ya soda, sizifungi kwenye mashine ya mtu. Na dawa ya meno, kwa kuwa kila mara kuna anayeuliza: ndiyo, inafanya kazi, mpaka maji yake yakauke. Baada ya hapo unarudi ulikotoka, pengine nyuma zaidi.

Ningekuwa na mahakama yangu, ningeliacha joto nilishitaki vumbi. La kwetu lina chumvi na unyevu wa bahari ndani yake, kwa hiyo halikai juu juu; linagandamana katikati ya mapezi ya hitisinki mpaka hewa inakosa pa kupita. Mashine ikitoka Raskazone au Sahare, mara nyingi hata skrubu zimeanza kutu. Brashi kavu ya kupakia rangi inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, ukifuatisha na blowa ndogo ya umeme. Kompresa ya gereji niepushie: pipa lake lina maji, pengine na mafuta, na yote yatatua kwenye mazabodi. Na ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi isiyo yake unaiua beringi.

Mahali pa kuweka kompyuta nako kuna siasa zake. Nyumba nyingi inakaa ndani ya kabati la televisheni, mgongo umegusa ubao, na juu yake mama ametandika kitambaa cha kufuma, kizuri kabisa, kimefunika matundu yote ya kutolea hewa. Huwezi kumwambia mama kitambaa chake kina makosa. Mwambie fundi ndiye kasema mashine itolewe kabatini ikae juu ya meza, na kitambaa kibaki kwenye televisheni. Nyuma iache nafasi ya kiganja. Hilo peke yake limewahi kushusha nyuzi kadhaa bila mtu kutoa hata shilingi.

Sasa niseme neno la kuwaudhi wapenzi wa taa za rangi. Kwa Tanga, simshauri mtu wa kawaida kununua mfumo wa kupoza kwa maji. Wenyewe unafanya kazi vizuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pampu inayozungusha hayo maji. Feni ikifa unaiona imesimama, na hitisinki kubwa ya hewa itakuvusha hata kwa feni ya kuazima. Pampu ikifa, taa zinaendelea kuwaka, feni za rejeta zinazunguka kwa madaha, na prosesa inapanda hadi 100 kimyakimya. Utajua kwa kutazama mizunguko ya pampu kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), au kwa kugusa mabomba: moja la moto sana, jingine baridi, maana yake maji hayatembei. Halafu utaitafuta wapi nyingine hapa? Utaagiza Dar es Salaam au nje ya nchi, usubiri. Hitisinki ya hewa yenye feni ya milimita 120 sehemu yake pekee inayoweza kufa ni feni, na feni za ukubwa huo hazisumbui kupatikana.

Mwenye prosesa mpya naye asikimbilie kwa fundi kila akiona 95. AMD wenyewe walisema kwamba Ryzen 7000 zikibebeshwa mzigo mzito zimeundwa kupanda mpaka hapo na kukaa hapo bila madhara. Kwa upande wa Intel, i9-13900K imeandikwa wati 125, lakini ikijituma inaruhusiwa kufika 253, na mazabodi nyingi zilitoka dukani zikiwa zimeuachia mkanda hata zaidi ya hapo. Wati zote hizo zinaishia chumbani kwako, kwa hiyo unakaa na jiko ulilolinunua mwenyewe kisha unaulaumu mji. Ingia BIOS uweke kikomo. Kwenye Ryzen kuna Eco Mode, inaishusha prosesa hadi kiwango cha chini cha wati, na kwenye gemu nyingi utapoteza fremu chache mno kiasi cha kutoziona, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na kadi ya grafiki. Ambaye BIOS yake haina mambo hayo, kama hizo OptiPlex, aende kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa akiandike asilimia 99 badala ya 100. Prosesa itaacha kujipandisha kasi ya ziada. Ni njia ya kienyeji, lakini kwa mwezi wa Februari inasaidia kuliko feni ya tatu.

Kuna wakati kosa haliko kwenye chuma kabisa. Prosesa ikiwa na joto kubwa na hujafungua kitu chochote, tazama asilimia ya matumizi yake. Gemu za bure zinazozunguka mtaani kwa flashi zimebeba wageni wengi, yaani programu zilizojificha, na baadhi yao wanachimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Wajanja hao wananyamaza ukifungua Task Manager, wanaanza tena ukiifunga. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha HWiNFO ikiandika kumbukumbu wewe ukiwa hugusi mashine. Ukimkuta mgeni wa namna hiyo, pesti haitamtoa. Safisha diski, weka Windows upya.

Na mashine inayozima ghafla huku prosesa iko kwenye 70, hiyo usiniletee habari za joto. Prosesa ikizidiwa hujipunguza kasi kwanza, gemu inakuwa nzito, inakatakata. Kuzima huja mwisho kabisa. Ukizimikiwa bila dalili hizo, shuku pawasaplai au umeme wa ukutani, hasa jioni taa zinapofifia mtaa mzima.

Ukimpelekea fundi mashine, awe mimi au mwingine yeyote, mdai namba mbili: ilikuwa nyuzi ngapi kabla, na nyuzi ngapi baada, kwa mzigo uleule, kwa muda uleule, kwenye chumba kilekile. Akikwambia tu "nimeisafisha, iko poa", usimlipe mpaka awashe HWiNFO mbele yako.