Mama Kijacho Anataka Uzunguni

Mimi sina ugomvi na matajiri. Ni wateja wangu. Fundi bomba wa Mbeya ukiwachukia matajiri utakula nini? Maskini bomba lake likivuja analifunga mpira wa tyubu ya baiskeli, maisha yanaendelea. Ugomvi wangu ni na bando. Bando la shemeji yangu, ambalo nalinunua mimi, ndilo limeniingizia balaa ndani.

Shemeji mwenyewe ni mdogo wake mke wangu. Anasoma chuo, akaona kupanga ni gharama, akaja kujishikiza kwetu hapa Isanga "kwa muda tu, shem". Tuna chumba na sebule. Sebule sasa ni yake. Nikitoka kazini na gambuti zangu inabidi nipige hodi kwenye nyumba ninayolipia kodi, maana bwana mkubwa kajilaza, miguu imefika mlangoni, anasoma simu. Vitabu vya chuo sijawahi kumwona navyo. Simu inasomwa kama msahafu.

Na mke wangu ni mama kijacho, mimba ya kwanza. Wake za wenzangu wakiwa katika hali hiyo wanatamani udongo, wanatamani embe bichi na chumvi, unatoa mia mbili unaleta, kesi imekwisha. Wangu anatamani anwani.

Ilianza hivi. Shemeji alikuta mahali orodha ya watu maarufu waliozaliwa Mayfair. Mayfair ni mtaa wa London wanakokaa wenye nazo. Akaanza kumsomea dada yake wakati wa kula. Malkia Elizabeth huyo, kazaliwa Mayfair, tarehe 21 Aprili 1926, saa nane usiku na dakika arobaini. Hapo hapo akarukia Kensington, mtaa mwingine wa wakubwa hukohuko London: Malkia Victoria, 1819. Halafu Neuilly, mji wa matajiri ulioshikana na Paris: mwigizaji Jean-Paul Belmondo, 1933, yule mama wa siasa Marine Le Pen, 1968. Mke wangu kijiko kikabaki hewani.

"Mume wangu," akasema, "na huyu wetu aje aandikwe kazaliwa Isanga?"

Nikamwambia Isanga kuna ubaya gani. Akaniangalia vile mama kijacho anavyokuangalia ukishakosea, akasema anataka Uzunguni. Uzunguni kukishindikana, Forest. Kitoto kizaliwe sehemu yenye jina.

Sasa kwa asiyeijua Mbeya nimweleze. Uzunguni ni kule juu chini ya mlima Loleza, miti mikubwa, nyumba za zamani zenye dohani juu ya paa, maana wazungu walioletwa huku na dhahabu ya Lupa miaka ya 1920 baridi ya Juni ilikuwa inawatoa machozi kama sisi. Kule nakwenda sana. Naingilia geti dogo, nasubiri mbwa afungwe, natengeneza boya la simtanki, naambiwa hela nitatumiwa kwenye simu, nashuka kwa miguu mpaka Kabwe huku natazama simu. Ndiko mke wangu anataka nikapange.

Kwa amani ya nyumba nikamtafuta dalali. Dalali wa mji huu anachukua hela ya kukuonyesha chumba kabla hujaona hata tofali, na ukikipata anachukua kodi ya mwezi mzima, juu ya miezi sita utakayompa mwenye nyumba. Miezi sita ya Uzunguni! Nikipata hela hiyo si ningejenga? Akanipakia kwenye bajaji, nauli juu yangu, njia nzima ananisifia: "Kaka, hiki ni chombo. Utulivu, majirani wastaarabu, hewa ya Loleza moja kwa moja."

Chombo kilikuwa chumba cha uani, nyuma ya nyumba kubwa. Dirisha moja. Chini ya dirisha, mfuniko wa chemba ya choo. Nikainama kuuangalia, na roho ikasimama. Saruji ile ni yangu! Kona ya kulia imedidimia kidogo, na katikati ya didimio kuna alama ya soli ya buti la mlinzi, aliyekanyaga kabla haijakauka halafu akaapa ni paka. Hewa ya Loleza ananiambia mimi? Hewa ya pale naifahamu kuliko mwenye nyumba, nimewahi kuifungulia mwenyewe, mchana kutwa, kwa fimbo na ndoo. Na nikuambie siri ya kazi: yaliyotoka mle hayana tofauti yoyote na ya Mwanjelwa.

Dalali hela ya kuonyesha hakurudisha.

Nikarudi nyumbani nimevimba. Nikamwambia shemeji, leta hiyo simu, na hilo bando ni langu, soma vizuri, soma mpaka chini. Huyo Malkia alizaliwa nyumba ya nani? Akasoma. Nyumba namba 17, Bruton Street. Ya nani? Akameza mate. Ya babu yake. Babu mzaa nani? Mzaa mama.

Nikapiga meza. Ile meza yenyewe bado nadaiwa na seremala, lakini nikaipiga. Kumbe mama yake Elizabeth alifanya wanavyofanya mabinti wa huku wote: mimba ya kwanza, akarudi kujifungulia kwao! Hakupanga chumba. Hakumsumbua mumewe na dalali. Na wakati huo wala hakuna aliyetegemea mtoto angekuja kuwa malkia. Baba yake alikuwa mtoto wa pili, kiti kilimwangukia mwaka 1936 kaka mtu alipokiacha kwa ajili ya mwanamke. Kitu kimoja tu ndicho wametuzidi: waziri wa mambo ya ndani alikuwepo usiku ule palepale nyumbani, maana kwa desturi yao ya wakati ule mrithi asizaliwe bila serikali kuwa karibu. Sisi huku labda aje mjumbe, naye atauliza chai iko wapi.

"Nyumba yenyewe iko wapi sasa?" nikamuuliza. Ilishabomolewa. Kwenye anwani hiyo kuna mgahawa wa vyakula vya Kichina. Mke wangu akasema hata kama.

Twende kwa Victoria. Hapa ndipo niliposhika tama. Shemeji alikuwa anasoma kwa mbwembwe, jumba la Kensington, tarehe 24 Mei, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa baba mtu, Duke wa Kent. Mwanaume yule alikuwa na madeni mpaka akahamia Ujerumani, mji wa Amorbach, kukimbia gharama. Mke akashika mimba. Duke akasema hapana, mwanangu huyu anaweza kurithi kiti, lazima azaliwe Uingereza. Akakopa tena, juu ya madeni, akampakia mke mwenye mimba ya miezi karibu minane kwenye gari la farasi, safari kama ya kutoka hapa mpaka Morogoro, barabara za mwaka 1819, halafu bado bahari. Wakafika, mtoto akazaliwa Kensington, sifa zote za anwani akapata. Duke akafariki Januari iliyofuata, mtoto hajafikisha hata mwaka, na madeni akayaacha palepale. Binti alikuja kuyalipa mwenyewe alipokuwa malkia.

Nikamwambia mke wangu, umemsikia huyo baba? Akasema, "Nimemsikia. Alijitahidi."

Sasa mtu kama huyo unamjibu nini?

Nikahamia hospitali. Huko Neuilly kuna hospitali, ikiwemo kubwa ya Wamarekani. Weka wodi ya wazazi mtaani, majina yatazaliwa tu, yaende wapi? Kwa hesabu hiyo mtaa unaoongoza kwa watu mashuhuri Mbeya nzima ni Meta, kwenye hospitali ya wazazi. Kamuulize mkubwa yeyote wa mji huu kazaliwa wapi. Atakutajia Meta, Rufaa, Ifisi, au Makandana kule Tukuyu. Hakuna atakayekuambia kazaliwa Uzunguni kwenye zulia. Uzunguni watu wanahamia wakishapata, na wakishahamia ndipo mabomba yanaziba, nami nakula.

Hata huko Mayfair wanakopasifia, shemeji alisoma mwenyewe, sauti imeshapungua. Brook Street kuna nyumba mbili zimepakana, vibao vya heshima ukutani. Namba 25 aliishi Handel, yule mtunzi wa nyimbo wanazokesha nazo kwaya za kanisani wakati wa Krismasi, toka 1723 mpaka alipofariki 1759. Namba 23 aliishi Jimi Hendrix, mpiga gitaa, miaka ya 1968 na 1969. Mmoja kazaliwa Halle, Ujerumani. Mwingine kazaliwa Seattle, Marekani. Wote wapangaji! Mtaa unajisifu kwa wapangaji! Baba mwenye nyumba wangu mimi anayenikatia umeme wa LUKU nikichelewesha mchango wangu, atakuja kuniwekea kibao kweli?

Wamarekani nao usiwaseme. Nyumba ya New York aliyozaliwa rais Theodore Roosevelt mwaka 1858 waliibomoa 1916, mwenyewe yuko hai anaona. Alipofariki 1919 wakajuta, wakaijenga upya ifanane na ya zamani, 1923 wakafungua milango watu watembelee. Ukienda pale unaonyeshwa chumba alichozaliwa rais, tofali halijamwona rais.

Na wa kwetu? Mkwawa, aliyemchapa kamanda wa Wajerumani Zelewski na askari wake pale Lugalo mwaka 1891, kazaliwa Luhota, Iringa. Alizaliwa Luhota, siyo Gangilonga, mtaa wa wakubwa wa Iringa. Nyerere ni Butiama. Niliposema Butiama nilijua nimeshinda, maana mtu wa Tanzania ukimtajia Butiama hana pa kwenda.

Mke wangu alinyamaza. Nikajua yamekwisha, nikaomba ugali. Kumbe anapiga simu Tukuyu.

Aliyoyashika katika somo langu lote ni lile la Bruton Street: kwamba Malkia alizaliwa kwa mama yake mama. Mama mkwe akafurahi sana, akasema hata Waingereza wana adabu, binti ashuke Tukuyu. Binti akasema hawezi, kliniki yake iko hapa na barabara ina matuta. Basi mama akasema kama binti hashuki kwao, kwao kutapanda.

Kukapanda. Na mikungu ya ndizi, na debe la maharage, na kuku wawili hai ambao baba mwenye nyumba ameshaniuliza kama watalipia maji. Nikapokea mizigo stendi, nikashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo nyingi, mkwe ni mkwe. Mama kalala chumbani na binti yake, kwenye kitanda changu. Mimi sasa niko sebuleni, godoro moja na shemeji, kichwa chini ya meza kwa sababu nafasi nyingine hakuna, na kuku mmoja anatagia kwenye gambuti la kushoto.

Na yule kijana hajachoka! Usiku wa manane, mwanga wa simu usoni, bando langu linateketea, ananisukuma kwa kiwiko. "Shem, umelala? Mumewe Malkia, Philip, inasemekana alizaliwa juu ya meza ya kulia chakula. Kisiwa cha Corfu, Ugiriki, 1921. Mwaka uliofuata wakafukuzwa nchini, akatoroshwa kwenye boksi la machungwa."

Nikamwambia zima simu, ulale, dada yako asisikie.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya mama mkwe, haina hata chembe ya usingizi: "Baba, hiyo meza ina miguu imara?"