Usukani wa Kifahari, Kiti Chenye Magurudumu

Jumapili iliyopita shemeji yangu aliniita kwake nikaone "mtambo". Neno lake hilo. Nikaenda. Nikakuta usukani mpya wa michezo ya mbio za magari ya kompyuta, wa mota ya moja kwa moja, yaani usio na gia katikati, wenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 8 (newton-mita), unang'aa kama pete ya harusi, umebanwa kwenye ukingo wa meza ya kulia. Pedali ziko chini, zimezuiwa zisiteleze kwa kamusi mbili nene zilizoegemea ukuta. Na kiti? Kiti cha ofisini. Chenye magurudumu matano.

"Kaa, shemeji, ujionee mwenyewe."

Nikakaa. Nikachagua Monza, ule uwanja wa mbio wa Italia, maana Monza haina longolongo: unakanyaga mafuta, unangoja, halafu kona ya kwanza inakudai breki kuliko kona nyingi ulizowahi kuziona. Nikafika pale, nikakanyaga. Gari halikusimama. Aliyeondoka ni mimi: kiti kikarudi nyuma kama mita moja, kikagonga kabati la vyombo la dada yangu, miguu ikabaki hewani kama ya mtoto aliyepakatwa. Shemeji akacheka mpaka akajishika mbavu. Alipopata pumzi akasema maneno ambayo yamenikaa rohoni wiki nzima: "Tatizo lako umezoea kile kitanda chako kilichovunjika."

Kitanda kilichovunjika ndiyo kokpiti yangu, fremu niliyojijengea ya kushika kiti, pedali na usukani.

Sikatai kwamba ukiitazama kwa ubavu inafanana na kitanda. Ni plaiwudi ya milimita 18, imeunganishwa kwa gundi, skrubu na bolti za M8. Upande mmoja una rangi nyeusi, wa pili hauna, kwa sababu rangi iliisha na hamu ya kupaka ikaisha nayo. Kiti kimetoka kwenye gari lililokufa. Kuna ubao mmoja wa kushoto unaolia kila nikikanyaga breki. Lakini nikikanyaga, hakuna kinachoondoka. Si kiti, si pedali, si mimi. Na hapo ndipo ugomvi wangu na shemeji ulipo, pamoja na wote wanaonunua vitu hivi kwa kuanzia juu kushuka chini: usukani kwanza, taa za rangi zinafuata, halafu skrini tatu, kisha wakikumbuka, mahali pa kukaa.

Hebu tupige hesabu, maana shemeji ni mtu wa hesabu na hii hakuipiga. Nm 8 kwenye usukani wenye kipenyo cha sentimita 30 ni kama kilo tano na nusu ukingoni. Basi. Hiyo ndiyo nguvu yote anayoitambia, na meza yake ya mbao ngumu inaihimili bila kulalamika. Sasa njoo chini. Pedali nzuri ya breki, ile inayopima nguvu ya mguu, inapangwa watu waikanyage kwa kilo 60, kilo 80, wengine zaidi. Dereva wa Formula 1 anapita kilo 100 kwenye kona nzito. Kwa hiyo mikono inaidai fremu kilo tano, mguu unaidai themanini, na sisi tunajenga fremu kwa ajili ya mikono!

Tena nguvu hiyo haiishii kwenye pedali. Ukisukuma mbele kwa kilo 80, mgongo wako unasukuma kiti nyuma kwa kilo 80 zile zile. Kiti kinataka kwenda huku, pedali zinataka kwenda kule, na kazi kubwa ya kokpiti ni kuvishika viwili hivyo visiachane. Ndiyo maana ya kuijenga. Mihimili yangu miwili mirefu inatoka chini ya kiti hadi nyuma ya pedali bila kukatwa popote, nayo imesimama wima kwa upana wake, si kulala, kwa sababu ubao uliosimama haupindi kirahisi. Nilipojenga mara ya kwanza niliulaza. Nilikuwa nikikanyaga breki naona skrini inapanda na kushuka kama niko kwenye mashua.

Mtu ataniuliza, pedali ikirudi nyuma sentimita moja kuna ubaya gani? Mchezo tu. Ubaya ni kwamba mguu hauna macho. Pedali za bei rahisi zinapima umbali: potenshometa inaangalia pedali imeshuka kiasi gani, basi. Ukae ukijaribu kurudia milimita zile zile kila mzunguko, kwa goti na kifundo, ukiwa na kiatu. Utaona unavyofunga tairi kona hii na kupitiliza ile. Nguvu, lakini, mguu unaikumbuka. Mtu anayeendesha gari la kawaida hajui pedali yake inashuka sentimita ngapi, ila anajua aikanyage kwa uzito gani asimwage abiria. Kihisi cha nguvu, wenyewe wanaita lodi seli, kinapima huo uzito. Sasa ukikiweka kwenye fremu inayopinda, au kwenye kiti kinachotembea, nguvu yako nusu inakwenda kusukuma fanicha.

Yangu niliitengeneza mwenyewe, na hapa lazima nikiri ujinga wangu. Nilichukua pedali ya zamani, nikaweka lodi seli nyuma yake na vipande vya raba vya kubana, nikaunganisha na HX711, kile kibao kidogo cha umeme kinachosoma lodi seli, kisha Arduino, kibao kingine unachokiandikia programu mwenyewe, yenye chipu ya ATmega32U4 ambayo kompyuta inaiona kama kishikio cha mchezo. Ikafanya kazi mara ya kwanza. Nikajisifu. Nikapiga simu kwa watu. Halafu nikaingia mbioni na kila mara nilikuwa naingia kona nimechelewa. Nikasema nimezeeka. Usiku wa pili nikaanza kulaumu raba, nikazibadilisha zote. Usiku wa tatu nikasoma karatasi ya chipu, jambo ambalo mtu mwenye akili hulifanya usiku wa kwanza: HX711 ina mguu wa 15, yaani pini ya chuma ya chipu, unaoamua kasi ya kupima, na vibao vingi vinakuja na mguu huo umefungwa kwenye kasi ya chini, vipimo 10 kwa sekunde. Yaani ningeweza kukanyaga na kompyuta isijue kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kilomita 250 kwa saa, hizo ni karibu mita 7. Mita saba za kona! Nikauinua ule mguu, nikaupeleka kwenye umeme, vipimo vikawa 80 kwa sekunde, na uzee wangu ukapona papo hapo.

Shemeji anasema hayo yote ya kujisumbua ya nini wakati vipo vilivyotengenezwa. Ni kweli vipo, na vingine ni vizuri sana. Lakini kokpiti ni kama nguo. Aliyeshona hajakuona. Mimi nina miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, hivyo kila kiti nilichojaribu madukani ama magoti yaligonga nguzo ya usukani ama mikono ilibaki inaomba. Nyumbani niliketi sakafuni, mgongo ukutani, mtu akanipima kwa futi kama maiti. Kanuni ni mbili tu nilizozifuata. Breki ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Na mabega yakiwa yameegemea kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila kujivuta. Vingine vyote vinafuata hapo.

Ah, nilianza na mkao wa formula, wa kulala, visigino vikiwa juu karibu sawa na nyonga. Kwa ajili ya picha, nisidanganye. Baada ya nusu saa shingo ilikuwa inauliza tunakwenda wapi. Nikarudi kwenye mkao wa GT, wa kukaa kama mtu.

Na kuhusu kiti cha gari lililokufa, neno moja kwa dhati, utani kando: viti vingi vya magari ya karibuni vina eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, ubavuni, ndani ya kiti chenyewe, na ile ni baruti. Ukigeuza kiti ukaona plagi ya njano chini yake, usiiguse, usiipime kwa mita, usijaribu kuwa fundi. Kiache. Tafuta cha gari la zamani zaidi.

Skrini nayo ina wazimu wake. Watu wanaiweka mbali, nyuma ya meza, halafu wanaingia kwenye mipangilio na kufungua upana wa kuona mpaka digrii 90 ili "waone kila kitu". Skrini ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Ikiwa sentimita 60 kutoka machoni, pembe yake halisi ni kama digrii 53. Isogeze hadi mita 1.2, zinabaki 28. Ukiibana picha ya digrii 90 humo, kona itaonekana iko mbali kuliko ilivyo, nawe utashangaa kwa nini hujui kushika breki. Ilete skrini karibu mpaka iguse usukani. Itakuwa mbaya kwa sura. Kubali.

Majukwaa ya kutikisika, yale yanayotikisa kokpiti nzima: mwenye nayo atumie, mimi simo. Vitetemeshi vya kufunga chini ya kiti vina raha, ila majirani wapo.

Sasa zamu ya kumeza machungu. Alumini ni bora kuliko mbao. Nimesema. Ile ya mifereji, ya milimita 40 kwa 80, ambayo nati zinateleza ndani yake: unalegeza bolti nne, unasogeza pedali, unakaza, umemaliza kabla mimi sijapata drili. Ubao wangu wa pedali umetobolewa matundu mpaka unafanana na chujio, kila tundu ni siku niliyobadilisha mawazo. Na mbao hulegea. Skrubu ileile ukiifungua mara tano haishiki tena. Nikianza leo, na mfuko ukiruhusu, ningefikiria alumini kwa fremu ya chini.

Na la pili, ambalo sikumwambia shemeji na naomba msimwambie. Usukani wake ni mzuri. Usukani wangu ni wa gia, wa zamani, nguvu yake haifiki theluthi ya ule. Pale kwake, kabla kiti hakijanikimbia, gari liliteleza kidogo nyuma kwenye kona, na viganja vyangu vikajua kabla ya macho. Sijawahi kulisikia hilo nyumbani. Nilinyamaza. Ningefanyaje, na yeye alikuwa ananiangalia usoni akisubiri?

Lakini ni mzuri kwa sekunde zote ambazo hukanyagi breki!

Dada yangu alitoka jikoni kuangalia kabati lake, akatutazama wote wawili, akauliza, "Nyie mtakua lini?" Shemeji akashusha macho. Mimi, kwa kiburi, nikamtajia Lucas Ordóñez na Jann Mardenborough. Mmoja alishinda GT Academy ya kwanza mwaka 2008, mwingine ile ya 2011, mashindano ambayo mlango wake ulikuwa mchezo wa gari kwenye runinga, na mwaka 2013 wakagawana gari moja pamoja na Michael Krumm katika mbio za Saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na kushika nafasi ya tatu katika LMP2, daraja la pili la magari yaliyoundwa kwa mbio tu. Dada akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hao nao walikuwa wanavunja glasi.

Zilikuwa mbili.

Jana usiku shemeji amenipigia. Hakuomba radhi, hana tabia hiyo. Ameuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, plaiwudi ile nilisema ya milimita ngapi. Nikamwambia 18, aisimamishe wima, asiilaze. Akauliza vipimo vyangu vya kiti hadi pedali. Nikamwambia hivyo ni vyangu, akakae sakafuni mkewe ampime. Kimya kidogo. Halafu akasema, "Na ule ubao wako unaolia, ulishautengeneza?"

Bado. Nadhani ni bolti ya nyuma kushoto, ile niliyoiwekea washa isiyo yake. Jumamosi naifungua.